Darubini ya kutazamia ndege Kigoma: ipi ununue kwanza

Kama una fedha ya darubini moja tu, na ndege unaotaka kuwaona ni wa Kigoma, nunua 8x42 isiyoingia maji. Naipa nafasi ya kwanza bila kusita, mbele ya zote zinazosifiwa kuvuta mbali zaidi.

Namba ya kwanza inaeleza ndege atakuzwa mara ngapi, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata kama 5.3, yaani upana kwa milimita wa mwanga unaolifikia jicho. Wauzaji hupenda kutaja namba ya kwanza peke yake. Lakini ndani ya msitu wa Gombe, miti ikiwa imefunga juu, au alfajiri jua halijavuka vilima vya mjini, mwanga ndio utakaoamua kama utaziona rangi za chozi au utaona kivuli kinarukaruka. Mkono nao hutetemeka, na darubini inayokuza mara 10 huukuza na mtetemo huo. Isitoshe, 8x kwa kawaida huonyesha eneo pana zaidi, na kumfuata mbayuwayu anayekata kona huku na huko kunataka eneo pana.

Katika kundi hili nazipendekeza mbili: Nikon Prostaff P3 na Celestron Nature DX. Zote zimejazwa naitrojeni, kwa hiyo hazishiki ukungu kwa ndani, jambo kubwa kwetu tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika na kupata mvua miezi mingi. Bei yake Marekani ni dola mia moja na kitu, kabla ya usafiri na ushuru. Ukivaa miwani chukua Nikon, maana utaliona duara zima la picha bila kuivua. Kama ndege wako wengi ni wa uani, Celestron inakufaa zaidi kwa sababu inaona vizuri hata kitu kilicho mita 2 mbele yako. Zipo Swarovski, Zeiss na Leica za zaidi ya dola 2,000. Ni nzuri kweli, ila anayeanza hazihitaji.

Nafasi ya pili ni 8x42 ya umbo la zamani, ile yenye mabega mapana, mfano Nikon Aculon A211. Kwa bei yake picha ni safi kabisa. Ni nzito, haivumilii maji, na mvaa miwani ataona picha imekatwa pembeni. Usipande nayo boti.

Darubini za mitumba nyingi huwa za umbo hilo, na hapo ndipo pa kuwa makini. Igeuze, chungulia kupitia lenzi kubwa ukielekea penye mwanga: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu imekula kioo, na kitambaa hakiitoi. Zungusha gurudumu la kusafisha picha mwanzo hadi mwisho; lisikwame wala kucheza. Kisha toka nje ya duka, tazama ukingo wa paa la bati lililo mbali. Ukingo ukionekana mara mbili, au macho yakaanza kuvuta baada ya dakika moja, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopitisha picha, zimehama. Irudishe, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Ya tatu ni 10x42. Inafaa ndege wa mbali: furukombe juu ya mwamba, minandi ziwani, au korongo nyangumi katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Egemeza viwiko kwenye ukuta au shina la mti. Ndani ya boti inayoyumba itakuchosha.

Ya nne ni 8x25 ya mfukoni. Inabebeka popote, lakini giza likianza kuingia haikusaidii.

Zile za kuvuta na kurudisha, zilizoandikwa 10-120x80 na kadhalika, sizipi nafasi yoyote. Picha yake ni finyu na ya giza, na mara nyingi hata hizo namba si za kweli.

Fedha ikibaki, wahudumie ndege wa nyumbani. Anza na maji: chombo kipana cha udongo, kina kisizidi sentimita 5, na jiwe katikati la kusimamia. Kiweke mahali paka hawezi kujificha. Nafaka bora ni mtama na ulezi. Tetere na shomoro watakuja wenyewe. Papai lililoiva huleta shore na kuzumburu. Usiweke mabaki ya chumvi wala ugali uliochacha, na usugue chombo kila unapobadilisha maji, kwa sababu ndege wakikusanyika kwenye uchafu huambukizana maradhi. Ukiwa na mchikichi uani, uache. Kwera huchana makuti yake kusuka viota, na kuwatazama wakifunga fundo la kwanza kwa mdomo kupitia darubini ni raha nisiyochoka nayo.

Waambie majirani unatazama nini kabla hawajaona lenzi imeelekea uani kwao. Bandarini na karibu na maeneo ya jeshi iache kwenye mfuko wake. Kwa ndege wa ziwani nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Jioni linazama upande wa Kongo, machoni pako kabisa, na kumfuata ndege hadi usawa wa jua kwa darubini kunaweza kukuharibia macho.