TAHADHARI: kampinkari "za Ubelgiji" zinazouzwa Lubumbashi

Wapendwa mnaotafuta gari la kwanza la kusafiri na kulala humo humo, someni hapa kabla ya kutoa akonti, hata ya dola mia moja. Kuna wauzaji mjini, pamoja na makomisionere wao wa WhatsApp, wanaochukua teksibasi zilizochoka, wanazipiga rangi, wanazivalisha tripleksi ndani, wanaweka godoro, sinki na taa za kumetameta, halafu wanazitangaza kuwa kampinkari zilizoshuka kutoka Ubelgiji. Picha zinavutia kweli. Mnunuzi wa mara ya kwanza anatazama kabati na kitanda, anasahau kutazama gari, na mbao zile zimewekwa kwa sababu hiyo.

Anza na mlango, kwa kuwa hauhitaji fundi wala chombo chochote. Congo na Ubelgiji wote wanaendesha kulia, kwa hiyo kamionet iliyotengenezwa kwa Ubelgiji ina mlango wa kuvuta upande wa kulia, unaofunguka kando ya njia. Ukikuta mlango wa kuvuta ni mmoja tu na uko kushoto, gari hilo lilitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto: Japani, Uingereza, Afrika Kusini. Kuwa la Japani si aibu. Toyota HiAce na Coaster zinaijua barabara yetu kuliko magari mengi ya Ulaya. Shida ni uongo wa muuzaji, na pia usalama: ukisimama kando ya njia ya Likasi, mtoto atashukia upande wa malori ya madini.

Kisha soma nambari ya shasi. Ya Ulaya ina alama 17, herufi na tarakimu pamoja. Fiat huanza na ZFA, Peugeot VF3, Citroën VF7, Mercedes mara nyingi WDB. Ya HiAce ya Japani ni fupi, huanza na namna ya modeli, mfano KDH kwa injini ya mazutu ya jamii ya KD au TRH kwa injini ya esansi ya jamii ya TR. Muuzaji anayesema "Ubelgiji" huku chuma kinasema KDH, agana naye hapo hapo.

Sasa hatari kubwa kuliko zote: usukani uliohamishwa. Gari la Japani lilikuja na usukani kulia, na kwa kuwa mnunuzi wa hapa anapenda kushoto, garaji fulani zinakata dashibodi na kuhamisha kila kitu. Kazi hiyo ikifanywa kwa vipuri kamili vya kiwandani, yaani boksi la usukani la kushoto, shafti yake, silinda ya breki na mabano yake, gari linaweza kuwa salama. Kinachofanyika mara nyingi ni kukata shafti ya usukani na kuichomelea, na kuacha silinda ya breki kulia ikivutwa na fimbo ndefu iliyopitishwa nyuma ya dashibodi. Fimbo hiyo hujipinda unapokanyaga kwa nguvu, pedali inashuka, breki inachelewa. Na shafti iliyochomelewa haitoi onyo: chuma kando ya mchomeleo kimedhoofishwa na moto, kinachoka kidogo kidogo kwa mashimo ya barabara, siku moja kinakatika.

Lala chini ya dashibodi na tochi. Tafuta alama ya mchomeleo kwenye shafti, rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa sehemu moja tu, na nyaya zilizounganishwa kwa skochi. Washa waipa: kwenye gari lililohamishwa usukani zinabaki zimepangwa kwa dereva wa kulia, zinaacha pembe ya kioo upande wa kushoto bila kufutwa, mbele ya macho yako kabisa. Usiku elekeza taa kwenye ukuta, mita tano hivi. Taa za Japani zikiwa chini huinua mwanga upande wa kushoto. Kwetu hapa mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja mbele. Aliyehamisha usukani bila kubadilisha taa, elewa kwamba hata sehemu zisizoonekana hakuzifanya.

Baada ya hapo, sakafu. Mwombe muuzaji afungue tripleksi ya chini sehemu mbili: nyuma ya kiti cha dereva na juu ya tairi za nyuma. Akikataa, usibishane, ondoka. Teksibasi inajulikana kwa mashimo ya boluti za viti yaliyozibwa kwa mastiki, reli ya mlango iliyolika hadi mlango unaning'inia ukiufungua, kidato cha mlango kilichoota kutu, na mpira wa pedali ulioisha. Mita ikiandika kilometa 90,000 na mpira wa pedali ya klachi uko laini kama sabuni, amini mpira. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba, ipitishe chini ya milango, pembeni mwa madirisha na kwenye matao ya tairi. Pasiposhika, hapo kuna mastiki, si bati. Chini ya gari gonga shasi kwa bisibisi. Sauti inayokwenda butu ni kutu iliyofunikwa kwa rangi ya lami.

Kilometa zina karatasi zake. Gari lililotoka Japani lina cheti cha kulitoa kwenye daftari la Japani kwa ajili ya kusafirishwa nje, na humo huandikwa kilometa za ukaguzi. Ubelgiji ina Car-Pass, ya lazima kwa magari yaliyotumika tangu Desemba 2006, inayoonyesha kilometa mwaka kwa mwaka. Anayesema "Ubelgiji" aonyeshe Car-Pass. Fotokopi isiyo na nambari ya shasi haina kazi.

Kuhusu injini, swali la kwanza liwe mazutu. Kamionet mpya za Ulaya zina filta ya moshi na tangi la AdBlue (maji maalum ya kusafisha moshi wa mazutu), na zilibuniwa kwa mazutu yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, kiwango cha Ulaya tangu 2009. Ukizilisha mazutu ya madumu ya kando ya njia, filta inaziba, taa ya injini inawaka, gari linajipunguzia nguvu lenyewe. Hapo muuzaji anatoboa filta na kubadilisha programu ya kompyuta, taa inazimika, anaiita "injini safi". Kwa safari ndefu ndani ya Congo, gari la kwanza liwe na injini isiyo na mambo mengi: 1HZ ya Coaster, lita 4.2, silinda sita, pampu ya kawaida, inayojulikana na kila fundi kuanzia Kasumbalesa hadi Kolwezi. Inakunywa, ndiyo, lakini inarudi nyumbani.

HiAce yenye 1KD ya lita 3 ni nzuri pia, lakini ina ugonjwa wake. Seali za shaba chini ya injekta zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya karta, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi, injini inakufa. Fika asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, na weka mkono juu yake kuhakikisha hawajaipasha. Iwashe, sikiliza dakika tano. Ikigonga tak-tak kisha ikanyamaza inapopata joto, tia shaka injekta. Fungua kifuniko cha oili, tazama kama kuna masizi mazito kama lami. Uliza pia mkanda wa taiming umebadilishwa lini. Jibu lisilo na bili, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kama kweli ni kampinkari ya kiwandani kutoka Ulaya, adui ni maji. Kuta zake nyingi ni fremu ya mbao katikati ya bati jembamba na tripleksi, na mvua ikipenya kwenye kona ya paa, mbao zinaoza bila kuonekana nje. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka madirisha, kona za juu na chini ya kitanda: palipo laini pameoza. Usinunue wakati wa kiangazi bila kumwaga maji juu ya paa kwa mpira dakika ishirini, kisha uingie ndani kutazama. Na harufu ya manukato kali ndani ya gari lililofungwa ni sababu ya kutafuta unyevu, tena kwa bidii.

Umeme ndio sehemu wanayodanganya kwa urahisi. Paneli ya leo, jua likiwa kali, inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba. Pima kwa futi: paneli ya mita 1.2 kwa 0.54 haifiki hata robo tatu ya mita ya mraba, haiwezi kuwa wati 300 hata kama imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Batri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13. Ya risasi ni kilo 25 hadi 30. Ukiinua "lithiamu" yenye kilo 28, hiyo ni ya risasi iliyobandikwa karatasi. Ikiwa na kilo tano, ndani kuna seli chache na hewa. Ipime hivi: ijaze, iunge na balbu ya volti 12 yenye wati 60. Inakula ampea 5, kwa hiyo lithiamu ya kweli ya 100 itaiwasha karibu saa 20. Ikizimika baada ya saa sita, umejua. Tazama pia waya wa konvetisa, ile inayogeuza volti 12 kuwa 220. Kwa wati 1,000 inavuta karibu ampea 90 hadi 100. Inataka waya wa milimita 25 za mraba au zaidi, mfupi, na fyuzi karibu kabisa na batri. Waya mwembamba wa nyumba ukiwekwa hapo unayeyuka nyuma ya tripleksi, na moto unaanzia pale unapolala.

Gesi inashuka chini, haipandi. Chupa ikifungiwa kwenye kabati chini ya kitanda bila tundu la sakafuni linalotoka nje, uvujaji mdogo wa usiku mmoja unajaza gari. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, tazama mapovu, soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi. Na wauzaji wanaosema "kukiwa na baridi mnaingiza mbabula ndani" wanawaua watu. Makala, yaani makaa ya mbabula, yanayowaka ndani ya gari lililofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiingize hata dakika kumi.

Uzito hawautaji kamwe. Karatasi moja ya tripleksi ya milimita 18 ina kama kilo 32. Kumi ni kilo 320; maji lita 100 ni kilo 100; batri mbili za risasi kilo 60; watu wanne kilo 300; chupa ya gesi kilo 25. Hiyo ni kilo 805, na hatujaweka friji, chakula, jeki wala tairi ya pili. Soma kibao cha uzito cha gari, kisha lipandishe kwenye mizani ya malori likiwa na kila kitu. Springi za nyuma zilizolala bapa gari likiwa tupu zimekwisha kukujibu.

Karatasi sasa. Nambari ya shasi iliyo kwenye chuma, kwenye tamko la forodha la DGDA (idara ya forodha) na kwenye karte roze lazima iwe ileile, herufi kwa herufi. Nambari iliyopigwa upya inaonekana: bati limesuguliwa, herufi hazilingani kimo. Gari lililoingia kwa kibali cha muda cha msafiri wa nje, lenye plaki ya Zambia au ya Ulaya, halijalipiwa forodha. Ukilinunua kwa karatasi ya mkono, DGDA italikamata kwako, si kwa muuzaji. Ukipanga kuvuka mipaka, uliza bima ya kadi ya njano ya COMESA kwa jina lako.

Ujanja wa akonti unawalenga hasa ndugu wa Goma na Bukavu, kwa kuwa hawawezi kuja kuangalia. "Gari liko Kasumbalesa, tuma dola elfu moja za forodha kwa M-Pesa, kesho linatoka." Forodha hailipwi kwenye simu ya komisionere, inalipwa benki, na kitansi inatoka na nambari ya tamko. Omba konesema ya meli, yaani karatasi ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli. Nambari ya kontena ina herufi nne, ya nne ikiwa U, kisha tarakimu saba, na kampuni ya meli inaonyesha kwenye tovuti yake kontena liko wapi. Gari lililopakiwa kwenye meli ya magari halina kontena, lakini konesema yake inabeba nambari ya shasi. Omba video ya moja kwa moja: muuzaji aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi, aiweke kando ya nambari ya shasi, awashe injini bila kukata video. Mwenye gari anafanya kwa dakika tatu. Asiye nalo ataleta habari za mtandao mbovu, mlinzi mkali, mgonjwa hospitalini.

Ushauri wetu kwa gari la kwanza: nunua gari tupu, bati likiwa uchi, likaguliwe na fundi asiyemjua muuzaji, ndipo umlipe seremala na fundi umeme kila mmoja peke yake, kwa hatua, mbele ya macho yako.

Aliyekwisha kutuma pesa, apigie kampuni ya simu saa hiyohiyo aombe pesa izuiwe kabla haijatolewa. Usifute mazungumzo. Hifadhi ujumbe wa malipo wenye nambari ya muamala, sauti, picha za gari na jina lililotokea wakati wa kutuma, vichape vyote, uende kwa OPJ (polisi wa upelelezi) au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kosa ni utapeli, kifungu cha 98 cha sheria ya jinai (code pénal), kitabu cha pili. Litaje kwa jina hilo kwenye malalamiko, kwa sababu muuzaji atakuja akisema ni deni tu la kulipana polepole.