Kipima-gesi cha rejeta: dawa ya bluu iliyokataa kugeuka

Pikapu yangu ni ya dizeli, silinda nne, yenye pampu ya kizamani ya nozeli (zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda), isiyojua kompyuta ni kitu gani. Nimezizoea kelele zake zote. Ndiyo maana siku nilipofungua kifuniko cha tangi la akiba la kulanti (maji ya kupozea injini) nikakuta utando wa kahawia umeganda juu, mzito kama grisi, nilikirudisha kana kwamba sijaona kitu. Wiki hiyohiyo injini ikaanza kugonga, na hapo hapakuwa tena na pa kujificha.

Fundi niliyempelekea hakumaliza hata dakika tano. Alisikiliza, akachungulia kwenye rejeta, akafuta mikono.

"Kaka, gasketi ya hedi imekwenda. Maji yameingia kwenye oili, injini imeua beringi. Hapa ni kushusha tu."

Gasketi ya hedi ni ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Maelezo yalinyooka vizuri, na kwenye injini nyingine ndivyo mambo yanavyokwenda kweli: kulanti ikiingia kwenye oili, glaikoli iliyomo huharibu ule utando mwembamba wa oili unaotenga beringi na kranki (shafti kuu ya injini), beringi zikalika, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ikaanza kupiga. Ila alichokiona yeye ni oili kwenye maji. Maji kwenye oili hakuna aliyeyaona. Kijiti cha oili kilitoka cheusi kama kawaida ya dizeli, bila weupe wowote wa maji. Nikamshukuru, nikaondoka na gari likigonga vilevile, nikanunua kitu nilichokuwa nakiahirisha miaka yote.

Kipima-gesi chenyewe ni mrija wa plastiki ngumu wenye vyumba viwili, koni ya mpira chini ya kukaa kwenye mdomo wa rejeta, balbu ya mpira juu ya kubinya, na chupa ya dawa ya bluu. Dawa hiyo ni bromothimoli bluu, ileile ya maabara za shule. Ikipitiwa na kaboni dayoksaidi hupata uasidi kidogo, ikahama kutoka bluu kwenda kijani, kisha njano. Unavuta hewa iliyo juu ya kulanti injini ikiwa inanguruma. Kama gesi za mwako zinavuja kutoka kwenye silinda hadi kwenye njia za maji, rangi itasema.

Kabla ya kuiamini nilitia dawa kidogo kwenye glasi nikaipulizia pumzi yangu kwa mrija mwembamba. Ikageuka njano mbele ya macho yangu. Ukinunua yako fanya hivyo kwanza, maana chupa iliyokaa wazi muda mrefu inaweza kuwa imechoka, nawe ukabaki unafurahia bluu isiyo na maana.

Jaribio la kwanza nililiharibu mwenyewe. Sikupunguza kulanti, joto lilipopanda ikajaa hadi mdomoni, balbu ikaivuta ndani ya mrija pamoja na ule uchafu wa kahawia. Dawa yote ya raundi ile nikaimwaga. Karatasi ya maelekezo inalisema jambo hili, kwa herufi ambazo sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Punguza kulanti ibaki sentimita kadhaa chini ya mdomo, na fanya hivyo injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta iliyochemka hakifunguliwi kwa sababu ya kipimo chochote.

Jaribio la pili nilienda taratibu. Injini baridi, kifuniko wazi, nikaiwasha nikaiacha ipate joto hadi thamostati (vali inayofungulia maji ya moto njia ya rejeta) ikafunguka, kisha nikabinya balbu kwa dakika mbili hivi. Bluu. Nikamwomba mdogo wangu akanyage mafuta kidogo, kwa sababu dizeli ikinguruma bila kukanyagwa huvuta hewa nyingi kupita mahitaji yake na gesi yake ya ekzosi inakuwa na kaboni dayoksaidi kidogo. Kwenye dizeli hata kijani tu ni habari mbaya. Bluu tena. Nilirudia siku tatu mfululizo, kila asubuhi kutoka baridi, na kila mara kabla ya kufungua kifuniko niliiwasha kidogo nikashika bomba la juu la rejeta. Gesi ikiwa inavuja, bomba hilo huwa gumu mapema sana, maji hayajapata hata joto. Langu lilikuwa laini.

Hapo ndipo kifaa hiki kilipojilipa, kwa kukataa. Lakini nitakuwa mwongo nikisema bluu inamaliza kesi. Kipimo hiki kinaona gesi ya mwako tu. Gasketi ikipasuka kati ya njia ya oili na njia ya maji, bila kugusa silinda, chenyewe hakijui lolote. Ufa unaofunguka wakati gari limebeba mzigo mlimani unaweza pia kukipita. Anayekuuzia akikwambia kinatambua matatizo yote ya hedi, mwache aendelee kuuza.

Kilichonibakiza na swali ni ile oili. Kwanza, ni oili kweli? Nilichota uchafu ule nikauweka kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Kulanti za aina mbili zisizopatana zikichanganywa nazo hutengeneza tope la kahawia linalofanana sana na oili, na kuna watu wameshushiwa hedi kwa ajili ya tope hilo. Asubuhi nilikuta tabaka la mafuta limeelea juu, linateleza kati ya vidole. Oili kweli.

Nikafikiria presha. Injini ikizunguka, oili inasukumwa kwa presha ya baa (kizio cha presha) tatu au nne. Mfumo wa maji unashikiliwa na kifuniko cha rejeta kwenye baa moja hivi. Penye tundu kati yao, mwenye nguvu anaingia kwa mnyonge: oili inakwenda kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inashuka mara moja lakini maji ya moto bado yana presha yake, na hapo yanaweza kurudi upande wa pili. Mahali ambapo vitu hivi viwili vinapita vikitenganishwa na bati jembamba ni kipoza-oili, ambacho kwenye injini yangu kimefichwa ubavuni mwa bloku, nyuma ya filta ya oili. (Gari la gia otomatiki lina mshukiwa mwingine, kipoza cha mafuta ya gia kilichomo ndani ya rejeta. Langu ni la gia za mkono.)

Kabla ya kukifungua nililiacha gari lilale, kisha nikalegeza nati ya kumwagia oili polepole sana. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwepo yanatangulia kutoka. Yalitoka matone machache tu, ndiyo kusema bahati ilikuwa upande wangu. Filta nikaikata kwa msumeno, nikakunjua karatasi yake juani nikitafuta chembe zinazong'aa rangi ya shaba, maana hizo ndizo barua ya msiba ya beringi. Hakuna.

Kipoza-oili nilikiziba tundu moja, nikaingiza hewa ya kompresa kwa upole kwenye la pili, nikakizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto. Mnyororo wa viputo ukapanda kutoka kwenye kona ya bati la tatu. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyepata barua ya kazi.

Sasa ule mlio wa kugonga. Hapa kipima-gesi hakikuwa na la kusema, nikatumia stethoskopu ya fundi, ile yenye fimbo ya chuma badala ya kisahani. Ni nzuri, ingawa bisibisi ndefu yenye mpini ukiubana sikioni inafanya nusu ya kazi yake. Chini kwenye sampu (bakuli la oili) mlio ulikuwa hafifu. Juu, karibu na silinda ya tatu, ulikuwa mkali, kama mtu anagonga kwa nyundo ndogo. Nikalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, kila moja ikiikatia silinda yake dizeli, injini ikiwa inanguruma. Ya kwanza na ya pili: injini ikayumba, mlio ukabaki. Ya tatu: mlio ukapotea kabisa. Jambo hili lifanywe kwenye pampu za kizamani tu. Kwenye komoni reli (mfumo wa dizeli wa kisasa) presha inaweza kuzidi baa 1,000 na dizeli inayochirizika kwa nguvu hiyo inatoboa ngozi.

Lakini hata konrodi iliyolegea hupunguza kelele silinda yake ikikatiwa mafuta, kwa hiyo sikushangilia. Nilihamisha nozeli ya tatu kwenda silinda ya kwanza, na washa (pete za kuzibia) mpya za shaba, kisha nikawasha injini. Mlio ulihamia silinda ya kwanza. Konrodi haiwezi kufungasha na kuhama. Kwenye mashine ya kupimia, nozeli ile badala ya kutoa ukungu ilikuwa inadondosha matone kama bomba bovu.

Kwa hiyo zilikuwa hitilafu mbili zisizojuana, zilizotokea wiki moja, na sisi tukazifungisha ndoa. Nozeli zote nne zilibadilishwa vichwa, kipoza-oili kikawekwa kipya, oili na filta vikabadilishwa, vikabadilishwa tena baada ya siku chache. Kazi iliyonitesa kuliko zote ni kusafisha njia za maji: raundi tano za maji ya moto na sabuni isiyotoa povu, thamostati ikiwa nje, na kila raundi nikidhani ndiyo ya mwisho. Mabomba ya mpira yalikuwa yamevimba na kulainika kwa oili. Nilijaribu kuyahurumia mawili. Moja likapasuka baadaye, na nikayatupa yote.

Kipima-gesi nakipa nne kati ya tano. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya koni, ambayo haikuukaa sawasawa mdomo wa rejeta yangu hadi nilipoizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na kwa sababu ya balbu iliyoanza kupasuka shingoni kabla chupa ya dawa haijafika nusu. Stethoskopu, tatu na nusu.

Gari bado linagonga kidogo asubuhi kukiwa na baridi, sekunde chache, likipata joto linanyamaza. Hizo ni pistoni za kizee zinazotikisika kwenye silinda, na nimeziacha.