Kitini cha usawiri wa wahusika: nunua kwa ajili ya sura ya tatu

Kitini hiki cha kurasa 48, kinachofundisha usawiri, yaani namna ya kumchora mhusika wa hadithi, kinauzwa shilingi 200 kwenye maduka ya fotokopi katikati ya mji wa Mombasa. Jalada lake la buluu linawaahidi watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, alama za bwerere kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi. Ukweli ni kwamba kinamfaa zaidi anayeandika hadithi fupi.

Sura mbili za mwanzo zirukwe. Mhusika bapa (asiyebadilika), mhusika duara (anayebadilika), mhusika mkuu: hayo yamo katika kila kitabu cha fasihi.

Utamu uko sura ya tatu. Inaanza na sentensi kavu: "Mzee Athmani alikuwa bahili." Huo ni usawiri wa moja kwa moja, msimulizi ameshatoa hukumu, msomaji anaipokea tu. Kisha sifa hiyohiyo inaandikwa upya mara 5, bila neno "bahili" kutajwa. Kwa tendo: Mzee anahesabu kaimati sahanini kabla mgeni hajapiga hodi, na anazihesabu tena mgeni akishaondoka. Kwa kauli: "Taa mbili za nini? Kwani mna macho manne?" Kwa mwonekano: kanzu iliyotiwa viraka na kijaluba cha kuwekea pesa kilichofungwa kufuli. Njia ya nne, wazo lake la usiku, imelegea kidogo. La tano ni maneno ya jirani: "Ukienda kwake, kunywa maji kwako kwanza." Hapa kitini kingetoa tahadhari, maana maneno ya jirani yanamsawiri jirani pia. Huenda alinyimwa mkopo na bado ana kinyongo. Mwandishi makini humpa msomaji tendo moja la kuyapima maneno hayo, ama kuyathibitisha au kuyakanusha.

Mfano wa leso ni wa kipwani hasa. Mke anakwenda kumtembelea wifi yake akiwa amejifunga leso yenye jina "Hasidi hana sababu", kisha anakaa kimya alasiri nzima. Kimya hicho na maandishi yale vinatosha. Ajabu ni kwamba ukurasa unaofuata msimulizi anaongeza kuwa "alivaa hivyo ili kumchoma wifi yake", na utamu wote unamwagika. Kosa hili ndilo wanafunzi wa uandishi hulirudia kuliko yote: wanaonyesha, halafu wanaogopa kwamba hawakueleweka, wanaeleza. Dawa ni kufuta sentensi ya maelezo na kusoma tena. Kama maana imebaki, isirudishwe. Jingine ambalo kitini hakikuligusa: leso ya zawadi imechaguliwa na aliyeitoa. Kwa hiyo hadithi ionyeshe mke akiichagua mwenyewe dukani Biashara Street, au akiitoa sandukuni na kuziacha nyingine, la sivyo jina lile halisemi lolote kumhusu.

Mazungumzo yameharibiwa na lahaja. Bibi wa Mji wa Kale anasema "ndoo" badala ya "njoo" na "mtele" badala ya "mchele", sawa kabisa. Lakini makanga aliyeingia mjini juzi kutoka bara naye anasema "mtele"! Lahaja ni ushahidi wa mtu alikokulia na rika lake. Ukiigawa ovyo kama mabuyu, wahusika wote wanakuwa mtu mmoja.

Sura ya nne inakataza kabisa usawiri wa moja kwa moja. Huo ni ushauri mbaya. Muuza samaki aliyepewa mistari miwili tu ya hadithi hahitaji tukio zima la kuonyesha kuwa ni mkali. Neno moja linamtosha. Ngano nazo hututajia ujanja wa Sungura mapema ili tukafurahie hila zake. Tena msimulizi wa nafsi ya kwanza akisema "mimi ni mpole" huku akibamiza mlango, tamko la moja kwa moja limegeuka kuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Sehemu ya mtihani ndiyo dhaifu. Imeorodhesha vivumishi 60 vya tabia bila ithibati hata moja, ilhali swali la sifa 4 kwa alama 8 linataka kila sifa ifuatwe na tendo au kauli kutoka kwenye matini. Majazi, yaani kumpa mhusika jina linaloafiki tabia yake, nayo yamerahisishwa mno: si kila anayeitwa Tumaini ana matumaini, wakati mwingine jina ni kejeli.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 33. Nakala nyingine zimepigwa fotokopi huku ukurasa huo ukiwa umebadilishana nafasi na wa 34, na zoezi la Mzee Athmani linaanzia katikati. Wino nao unahamia vidoleni mkono ukitoa jasho, jambo ambalo kwa joto la hapa haliepukiki.