Vipimo vya jeni kwa mwanamume asiye na mbegu: kifurushi cha kliniki moja ya Kampala

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kifurushi kinakusanya pamoja kupima manii, homoni, kromosomu, kromosomu Y kwa undani, na jeni ya CFTR (inayohusu mirija ya kupitishia mbegu). Kipimo cha Y peke yake tungekipa tano. Kasoro ni kwamba mteja analipishwa vyote siku ya kwanza, kabla haijajulikana kama ana haja navyo.

Manii yapimwe kwanza, tena mara mbili. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuharibu majibu ya leo. Sindano za testosteroni wanazochoma vijana wa jimu nazo hukausha mbegu bila jeni yoyote kuwa na hitilafu, na fomu ya kliniki haiulizi habari hiyo. Iulize. Mengine wanayafanya vizuri: wanataka siku 2 hadi 7 bila kumwaga, chumba cha kutolea sampuli kiko humo humo (kwa foleni za Kampala, hili ni jambo kubwa), na maabara huzungusha manii kwenye sentrifuji na kukagua mashapo kabla ya kuandika sifuri.

Sasa kipimo cha Y. Kinatafuta vipande vilivyokatika kwenye maeneo matatu: AZFa, AZFb na AZFc. AZFa ikikosekana yote, korodani kwa kawaida hazina kabisa seli za kuzalisha mbegu. AZFb ikikosekana yote, mbegu hukwama njiani kabla ya kukomaa. Katika hali hizo mbili, kupasua korodani kutafuta mbegu ni kumwumiza mtu na kumla pesa bure. AZFc, zilipo jeni za DAZ, ni habari nyingine: karibu nusu ya wanaume hupatikana mbegu kwa upasuaji wa hadubini, ila kila mtoto wa kiume atarithi pengo lile lile, na wazazi waambiwe mapema. Ripoti tuliyoiona imetaja alama zote za msingi za DNA ya maeneo hayo, sY84, sY86, sY127, sY134, sY254 na sY255, pamoja na SRY na ZFX/ZFY za kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. Ripoti inayosema tu "kawaida" irudishe.

Kipimo cha kromosomu ndicho kinachomtambua mwanamume wa XXY, ambaye mara nyingi ana korodani ndogo, ngumu, na FSH (homoni ya ubongo inayochochea korodani) ya juu. Hapa seli lazima zifike maabara zikiwa hai. Damu hii huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijani, yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kipimo cha Y huwekwa kwenye ya zambarau, yenye EDTA, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo. Zikibadilishwa, EDTA hudhoofisha seli zinazopaswa kuoteshwa, na heparini huvuruga PCR, njia ya kunakili DNA inayotumika kwenye kipimo cha Y. Sampuli husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo usikubali kutolewa damu Ijumaa ikalala uwanja wa ndege hadi Jumatatu, wala isigandishwe kwenye friza.

CFTR ndiyo iliyotukera. Jeni hii huhusika pale mirija ya kupitishia mbegu inapokosekana pande zote mbili tangu kuzaliwa: manii huwa machache na yenye asidi. Daktari anaweza kuitafuta mirija hiyo kwa vidole, kwa dakika chache. Akiikuta, kipimo hiki hakina kazi. Isitoshe, orodha wanayopima imejaa mabadiliko ya jeni yaliyozoeleka Ulaya, F508del ikiwa ya kwanza, kwa hiyo "hakuna kilichoonekana" kwa mwanamume wa Gulu au Mbale hakumaanishi yuko salama. Dai jeni yote isomwe, au kiondoe kwenye bili. Kikitoka na hitilafu, mke naye apimwe kabla ya mbegu kutolewa kwa ajili ya kupandikiza mimba, kwa kuwa mtoto akirithi hitilafu kwa wazazi wote wawili anaweza kupata cystic fibrosis, ugonjwa wa kurithi wa mapafu, na kipimo chake hakimo kwenye bei ya kifurushi.