Runinga kubwa au projekta: sebuleni Mtwara uweke ipi?

Ubishi huu hauishi hapa Mtwara, hasa pesa za korosho zikiingia: sinema ya nyumbani ifungwe runinga ya inchi 55 au projekta?

Kwa ukubwa wa picha, projekta haina mpinzani. Ukutani inatoa inchi 100, eneo zaidi ya mara tatu ya runinga ile. Lakini inataka giza. Sebule yenye madirisha mapana ya kuvuta upepo wa bahari, saa tisa alasiri picha inapauka kabisa. Hapo runinga inashinda bila jasho.

Kwenye umeme ndiko kwenye mambo. Projekta ya taa ya kawaida huhitaji feni iendelee kupuliza hata baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na uhai wa taa unapungua. Taa yenyewe hudumu kama saa 3,000 hadi 5,000, na ya kubadilisha huenda ukaiagiza Dar. Projekta za leza, zisizotumia taa hiyo, hufika saa 20,000, ila kwa bei yake, shikilia mfuko. Runinga nayo haipendi umeme wa kupanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza inunuliwe vyovyote vile.

Vumbi? Projekta nyingi zina chujio linalohitaji kusafishwa. Runinga, kitambaa kikavu basi.

Mwenye sebule moja, katuni za watoto mchana kutwa na taarifa ya habari jioni, achukue runinga. Anayekusanya jamaa uani usiku kutazama mpira, projekta, na asisahau spika: ya ndani huwa hafifu.