Riwaya za kauboi na ugomvi wa ardhi: uanze kununua ipi

Kama mfukoni una pesa ya kitabu kimoja tu, nunua Shane ya Jack Schaefer, iliyotoka kama kitabu mwaka 1949. Ni nyembamba, Kiingereza chake ni chepesi, na ugomvi wa mkulima na mfugaji umewekwa mbele ya macho yako kupitia mtoto anayesimulia. Tuko Wyoming, magharibi mwa Marekani, 1889. Fletcher anataka bonde zima liwe malisho ya ng'ombe wake. Joe Starrett na majirani zake wameshajenga, wamezungushia ua, wamepanda. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi kuchukua ekari 160 na kupata hati akikaa na kulima miaka 5. Mkulima ana karatasi. Fletcher anakodi mtu wa bastola.

Kinachonirudisha kwenye kitabu hiki, hata hivyo, ni kisiki. Kipo karibu na banda la Starrett, kikubwa, kimemsumbua tangu alipohamia. Shane, mgeni asiyejulikana atokako, anachukua shoka na kuanza kukata mizizi bila kuombwa. Joe anachukua lake. Mkewe anawashauri wafunge farasi wakivute, hawataki. Anasimama kuwatazama hadi pai yake ya matufaha inaungua jikoni. Aliyewahi kusafisha shamba kwa mikono yake ataelewa hapo hapo kwa nini Joe hahami. Kagua nakala kabla ya kulipa: mimi niliwahi kuuziwa iliyofupishwa, na kisiki kilikuwa kimemalizwa kwa aya mbili.

Ya pili ni The Sea of Grass ya Conrad Richter. Nimeipandisha juu kwa sababu inampa mfugaji haki yake. Kanali Brewton wa New Mexico ni mbabe, sikatai, lakini anaijua ardhi ile: nyasi zikilimwa kwenye nchi kame, kinachobaki ni vumbi. Wakulima wanakuja, wanalima, na ukame unawakuta. Unaifunga ukiwa huna uhakika ulikuwa upande wa nani. Tafuta ya mtumba, inatosha.

Riders of the Purple Sage ya Zane Grey, 1912, usiitolee hata senti. Haki zake zimeisha muda, unaipakua bure kihalali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Ni Utah, 1871, na kiini ni maji: Jane Withersteen amerithi ranchi na chemchemi kutoka kwa baba yake, na wazee wa kanisa lake, la Wamormoni, wanataka kumweka mkononi yeye na mali yake. Maelezo ya mandhari ni marefu mno, na Wamormoni wamechorwa kwa chuki. Vumilia.

The Virginian ya Owen Wister, 1902, nayo ni ya bure, na ndiyo ya mwisho kwangu. Inatetea wenye ng'ombe wengi hadi kuhalalisha kunyonga washukiwa wa wizi bila mahakama. Kabla ya kuifungua, soma kwanza habari za Johnson County, Wyoming, 1892, wafugaji wakubwa walipokodi watu wa bunduki kutoka Texas na kumuua Nate Champion, baada ya kuichoma moto nyumba aliyojifungia.

Na zote nne hazisemi vya kutosha juu ya watu wa asili walionyang'anywa mabonde hayo kabla Fletcher na Starrett hawajafika kuyagombania.