Viungio vya shaba kwenye paipu ya oili ya gia: uzoefu wangu baada ya miezi saba

Nilikuta matone mekundu chini ya gari. Nikachovya kidole, nikanusa: oili ya gia. Paipu ya chuma inayopeleka oili ya giaboksi ya otomatiki ikapoozwe kwenye rejeta ilikuwa imeliwa na kutu chini ya kishikio, mahali matope hujificha. Fundi akasema tubadilishe paipu nzima, na kuitoa lazima ufungue vitu vingi. Nikaona nijaribu mwenyewe.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikata kipande kibovu, nikachomeka mpira wa maji na klempu mbili, nikajiona mjanja. Wiki ya pili mpira umevimba, umelainika, unateleza ukiugusa. Mpira wa maji haupatani na oili. Upo wa oili ya gia, ila nao unataka ncha ya paipu iwe na tuta dogo la kuuzuia usichomoke.

Ndipo nikanunua viungio viwili vya shaba, vile vya nati na pete, pamoja na kipande cha paipu mpya. Ukikaza nati, pete inaibana paipu pande zote. Pima kabla ya kununua! Paipu yangu ni ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5, nami nilikuwa nimeshashika viungio vya milimita 10.

Gari nililiweka juu ya stendi. Jeki peke yake siiamini. Nilikata kwa kikata paipu, si msumeno, maana chenga za chuma zikiingia kwenye giaboksi umejitafutia msiba mwingine. Kazi kubwa ilikuwa kusugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kwa sababu pete haishiki juu ya kutu. Kukaza ni kwa spana mbili, moja ishike kiungio, la sivyo paipu inajinyonga. Nilipowasha injini, nati moja ikatoa jasho. Nikaongeza robo mzunguko, ikakauka. Nikajazia oili iliyopungua, aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Viungio hivi navipa nyota nne. Pete moja ilikuja imepinda, na ndani ya pakiti hamna ya akiba wala karatasi ya maelezo.

Tafadhali, msifunge hivi kwenye breki. Paipu ya kupoozea oili presha yake ni ndogo. Ya breki ukikanyaga kwa nguvu inaweza kupita psi 1,000. Hiyo badilisha nzima. Hata pawa stelingi, paipu inayotoka kwenye pampu usiiguse kwa viungio hivi.

Boksi tupu nililotandaza chini ya gari bado ni kavu. Nimeshanunua viungio vingine viwili, kwani paipu pacha inayorudisha oili imeanza kutu palepale, chini ya kishikio hichohicho.